Dume la Orrin na Mahindi ya Bondeni

Siku ile ya matope ya Machi, Orrin Decker aliingia ukumbi wa ushirika amenuna kama aliyemeza kidonge bila maji. Alitoka amenuna zaidi.

Kamati ya kuchagua madume ya ng'ombe ilikuwa ikinywa kahawa. Mwenyekiti, Van Alstyne, mfugaji wa bondeni mwenye tumbo la watu wawili, alitangaza kwamba Baron, dume aliyezaliwa zizini kwa Orrin na kununuliwa na ushirika, anakwenda machinjioni.

"Mabinti zake wanatoa maziwa kidogo kuliko wa madume wengine wote. Hesabu haina undugu, Orrin."

"Hesabu gani, bwana we?" Orrin akapiga meza, kahawa ikaruka. "Mabinti wa Baron wote wako kwetu mlimani, wanalamba mawe! Ninyi mbegu zake za kupandikiza mlizikataa, eti za bei rahisi mno. Dume lenu Monarch, mabinti zake wamezama kwenye mahindi mpaka shingoni. Hata mbuzi angetoa maziwa huko!"

"Basi tuletee huyo mbuzi!" Van Alstyne akajibu. Wakacheka mpaka viti vikalia.

Na wewe unayesoma usijitie ujanja. Kosa hilo la kumpima baba kwa maziwa ya mabinti, bila kuuliza mabinti wanakula kwa nani, lilifanywa na watu wenye matrekta matatumatatu.

Orrin akaliendesha gari lake bovu hadi chuoni, kwa Ruth, binti wa jirani yake, aliyekuwa akifanya hesabu za ng'ombe kwa kompyuta kubwa kama banda.

"Mwanangu, niokolee dume langu."

"Mjomba, zizi lina mchango wake katika maziwa, na baba ana wake. Wao wamevikoroga katika ndoo moja. Nitamlinganisha kila binti na wenzake wa zizi lake. Nipe muda."

Muda? Van Alstyne alisema banda la Baron linahitajika. Theluji haijaisha, lori likamchukua.

Mei, Ruth akapanda mlimani na majibu. Karibu katika kila zizi, mabinti wa Baron waliwapita wenzao. Monarch, ukimwondolea mahindi ya matajiri, alikuwa dume la kawaida tu.

"Nilisema! Hakuna dume kama Baron jimbo zima!"

"Hapana, mjomba. Ni mzuri, lakini si hivyo. Katika mazizi mengine ana mabinti wawili tu, na wawili wanaweza kuwa bahati. Hapo nimemvuta kidogo kuelekea wastani, nisimsifu kwa bahati. Na bondeni hana binti hata mmoja, kwa hiyo bado nakisia."

"Wamemchinja, na wewe bado unamvuta!"

Wakiwa bado wanazozana, Van Alstyne akatokea mlangoni, kofia mkononi.

"Jirani, hesabu za Ruth zimefika bondeni. Nasikia mtungi wako wa baridi bado umehifadhi mbegu za Baron."

"Umekuja na mbuzi?"

Orrin alitamani kumsukumia Van Alstyne kwenye samadi. Lakini alimtazama Ruth, akakumbuka: bila binti bondeni, jina la Baron litabaki la kukisia. Akaenda kwenye mtungi akitukana kila hatua, akarudi na mirija miwili ya mbegu.

"Chukua. Mabinti watakaozaliwa walishwe sawa na wa Monarch, wasizidishiwe hata punje, wasipunguziwe. Wakiwapita, utapanda hapa useme mbele ya mke wangu kwamba ulichinja dume jema."

"Na wasipowapita?"

"Toka kwangu!"

Akaubamiza mlango hadi bawaba ya juu ikang'oka. Hajaitengeneza mpaka leo. Anasema atakayeitengeneza ni Van Alstyne, siku atakapopanda.