Makofi Nje ya Sanduku

Nimewahi kupigiwa makofi nikiwa nakata roho.

Si kuigiza. Nakata roho kweli, pumzi inaisha, na watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu.

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani, mwaka wa kumi na moja huu. Nilioanza nao wote wamehamia kwenye vichekesho vya simu, dakika moja mtu kacheka, kasahau. Nimebaki mimi na mzee mmoja tunayemwita Mkongwe, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi.

Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, nilichungulia pazia. Viti mia mbili, watu kumi na tisa. Nusu yao nyuso zinang'aa kwa mwanga wa simu.

Wa ishirini alikuwa mama yangu. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kuja hata siku moja.

Asubuhi alikuwa ameniambia, "Nakuja kukuona mara moja, mwanangu. Jumatatu unaanza dukani kwa mjomba wako. Umecheza vya kutosha."

Ningebisha nini? Nilikubali.

Kwenye mchezo wetu mimi ni mwizi. Mwenye nyumba anarudi ghafla, najitupa ndani ya sanduku la nguo, naye anakuja kukaa juu yake. Mwenye nyumba ni Mkongwe.

Tatizo, mfuniko ulikuwa unajiinua na kuniumbua. Basi kiherehere changu kikanituma kwa fundi seremala.

"Fundi, weka komeo la kweli. Nataka watu waamini."

Akaweka linalojifunga lenyewe, na kwa ndani kamba ya kulifungulia. Tulijaribu mara tatu, likafunguka vizuri tu.

Siku ya onyesho nikaingia, komeo likajifunga, Mkongwe akakaa. Tundu pekee la hewa lilikuwa kwenye mfuniko, na amelikalia yeye.

Nikavuta kamba. Ikakatika, ikabaki mkononi mwangu.

Sasa elewa kitu kimoja. Mwongozaji wetu ana sheria: lolote likitokea jukwaani, limeze. Mwenzako akisahau maneno, meza. Taa zikizimika, meza. Mchezo hauvunjwi.

Nikapiga kelele. "Nifungulieni! Siigizi! Kamba imekatika!"

"Heh!" Mkongwe akasema kwa sauti yake ya jukwaani. "Mke wangu, leo sanduku linaongea! Umelilisha nini?"

"Labda lina njaa, baba watoto," akajibu mwigizaji mwenzetu anayecheza kama mkewe.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Nikagonga kwa ngumi, wakazidi kushangilia.

Jamani, niliogopa. Jasho linaingia machoni, magoti yamebana kifua, na kila nikipiga kelele napongezwa. Mwisho sauti ikakata.

Ukumbi nao ukanyamaza. Ukimya wa watu wanaotazama kweli, ambao sikuwa nimeusikia humo kwa miaka.

Halafu nikasikia viatu vinapanda ngazi za jukwaa.

"Toka hapo! Nasema toka juu ya mtoto wangu!"

Komeo likafyatuliwa kwa nje, mfuniko ukafunguka. Nikauona uso wa mama, na nyuma yake watu wamesimama wote, wanapiga makofi. Mwongozaji akaja mbio.

"Mama, hongera! Kesho unaweza kurudi?"

Mama alimtazama mpaka akarudi mwenyewe nyuma ya pazia.

Nilipopata pumzi nikamuuliza alijuaje.

"Ulipopiga kelele nilicheka na wenzangu," akasema. "Wewe tangu mdogo ukideka unapiga kelele. Ukiumia kweli, unanyamaza."

Akaenda kuniletea maji. Nikabaki chumba cha kubadilishia nguo na Mkongwe, rangi ya uso imemchirizika kwa machozi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Tangu kelele ya pili. Mbao zilikuwa zinatetemeka chini yangu. Nisamehe, mwanangu. Watazamaji waliweka simu chini. Nikasema ngoja kidogo, kidogo tu."

Mtu aliyenifundisha kazi. Ningepaswa kumkaba koo.

Unajua nilimuuliza nini?

"Wote?"

"Wote," akajibu.

Na nikajisikia raha. Aibu nayo nilijisikia, lakini raha ilitangulia.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji, amesikia kila kitu.

"Kumbe bado umo ndani ya sanduku," akasema taratibu.

Jumatatu sikwenda kwa mjomba. Mama alinuna wiki nzima, halafu Jumamosi akaja. Sasa anakuja kila onyesho, mstari wa mbele. Mchezo hautazami, anatazama komeo.

Ndugu yangu, kama kazi yako ni ya kushangiliwa, makofi yasikudanganye kwamba uko salama. Hakikisha kwenye viti vile yupo mtu mmoja anayejua unavyonyamaza.