Neno la Mwisho wa Migomba

Mwanangu, kaa kitako, hiyo kompyuta yako ifunike kidogo, ndizi bado hazijaiva. Shida yako umeieleza nami nimeielewa, usinione mzee. Unaandika programu ya kuendesha kadi ya mtandao. Mashine mbili zinazungumza. Moja ikisema basi, programu yako inafuta kila kitu papo hapo, na nafasi ile inapewa mazungumzo mengine. Kumbe jibu la upande wa pili lilikuwa bado njiani! Likifika linamkuta mgeni, mashine inaganda, na wewe unakesha. Mawe, mama wee! Mimi kosa hilo nililifanya zamani, na kompyuta sikuwa nayo.

Naikumbuka siku ile ya mwaka wa vita. Nilikuwa opereta wa simu hapa Bukoba mjini, msichana mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Kila mazungumzo yalipitia mikononi mwetu: unachukua waya, ncha moja unaichomeka kwenye tundu la huyu, ncha nyingine kwenye tundu la yule, wanaongea. Mtu akiweka simu chini, kibao kidogo kinaanguka juu ya tundu lake. Msimamizi wetu, Ma Generoza, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa na amri moja: usivute waya mpaka vibao vyote viwili vianguke.

Mimi niliona ananichelewesha. Watu wamepanga foleni, jeshi linataka laini, hospitali inataka laini, halafu nimsubiri mtu anayeaga? Nawe unatujua sisi. Kwetu mgeni haagwi kwenye kiti. Unamsindikiza mpaka mwisho wa migomba, na hapo ndipo anaposema kilichomleta. Kwenye simu ilikuwa vilevile: watauliza kahawa, mvua, ng'ombe wa shangazi, wataagana, ndipo linatoka neno lenyewe.

Basi mama mmoja kijana wa Kamachumu akapiga. Mumewe alikuwa dereva wa lori, anapeleka chakula kwa wanajeshi mpakani, na msafara wake ulikuwa unaondoka muda huohuo. Walimwita mume kwenye simu ya duka lililokuwa karibu na malori. Wakaongea migomba, wakaongea mvua. Mume, kwa kusikia honi za wenzake, akasema kwaheri na kuweka simu chini. Kibao chake kikaanguka. Cha mkewe, bado. Nikajisemea, ameshaagwa huyo, anasubiri nini? Nikachomoa ncha ya mume, na kwa ncha hiyohiyo nikamchomeka Padri wa Bilele aliyekuwa anapiga. Ncha ya mke niliisahau palepale ilipokuwa.

Mke hakujua kwamba mumewe ameondoka. Alikuwa anakusanya ujasiri. Akasema taratibu, "Mume wangu, usiende bila kujua. Nina mimba."

Halafu Padri akakohoa. "Hongera sana, mama. Lakini mimi ni Padri."

Yule mama akapiga yowe, nusura nivue visikilizio! Mimi nikashikwa na kicheko. Ma Generoza hakucheka. Akaninyang'anya vile visikilizio na kusema, "Wewe unacheka, na yule baba anakwenda vitani bila kujua ana mtoto. Asiporudi, utamwambia wewe?"

Ma Generoza akapiga dukani. "Waitu, ndugu yangu, mkimbilie huyo dereva! Lori likiondoka, na wewe panda!" Mwenye duka akakimbia na ndara moja. Tulingoja. Nilisali sala zote nilizofundishwa na nyingine nikazitunga. Mwishowe tukasikia mtu anahema, "Kuna nini? Nani amekufa?" Mkewe akamwambia. Yule dereva alipiga kelele za furaha hadi vijana wa msafara wake wakashangilia. Kisha vibao vikaanguka, kimoja, halafu cha pili. Ndipo nikavuta waya.

Alirudi salama, akampakata binti yake. Baadaye ukaja ule ugonjwa wa kukondesha watu, ukapita nyumba hadi nyumba, na baba huyo akaondoka nao. Wengi walikwenda bila kuagana. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kumkatiza mtu neno.

Kwa hiyo mwanangu, haraka haraka haina baraka. Upande mmoja ukisema basi, zuia maneno mapya, lakini nafasi yao usimpe mtu. Ngoja yaliyo njiani yafike, na upande wa pili ujibu kwamba nao umemaliza. Ukiwa kimya, ingia uulize, kama sisi maopereta tulivyokuwa tukiuliza kwenye laini: "Umemaliza?" Usingoje hadi kiama pia, weka muda, ukipita, funga. Lakini funga ncha zote mbili, ndipo umkaribishe mwingine. Mungu akupe mikono myepesi na moyo wa subira, kazi yako isigande, na kila unayemuunganisha asikike.

Haya, nenda salama. Eh, ngoja, usiwashe pikipiki bado. Bibi yako aliniapisha nisiseme akiwa hai, kwa aibu ya yule Padri, naye sasa ametangulia. Mtoto wa siku ile ni mama yako. Leo akipika, kaa naye umsimulie.

Mimi sasa nimemaliza. Wewe je, umemaliza?