Chumvi ya Tisaiwale

Zahanati nilimpeleka mimi, kwa hiyo lawama hii ni yangu kabla ya kuwa yake. Jirani yangu Tisaiwale, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa ameponea chupuchupu kwenye uzazi wa nne, na mumewe Lameki tayari anataka wa tano. Akadungwa kwa siri sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba. Nesi alituonya kwamba damu ya mwezi inaweza kuvurugika. Tulikuwa na haraka ya kurudi, hatukumsikiliza.

Ikavurugika kweli. Inatoka siku kumi, inakauka mbili, inarudi. Na kwetu mwanamke mwenye damu hatii chumvi kwenye mboga ya mumewe, maana itamkata kifua, afe akikohoa. Humwita mwanamke aliyekwisha koma hedhi, yaani mimi, amtilie.

Siku ya kumi na tatu, iliporudi, nikamtania, "Mama wee, mwezi wako hauishi? Lameki ataanza kuhesabu!" Mdomo wangu huu! Hakuniita tena. Aliogopa siri ikifichuka ataachwa, akawa anatia chumvi mwenyewe.

Baada ya wiki tatu Lameki, aliyekuwa kibarua kwenye mabanda ya tumbaku, akaanza kukohoa. Tisaiwale akakonda kuliko mgonjwa.

Mchana mmoja nilikuwa kwao nikipukuchua mahindi. Lameki akamega tonge la nsima, akapeleka mkono kwenye bakuli la dagaa. Tisaiwale akalinyakua.

"Usile, bambo, mume wangu! Nina damu, na chumvi nimetia mimi. Siku zote hizi natia mimi. Nilidungwa sindano nisizae. Mimi ndiye ninayekuua!"

Lameki akakohoa kwanza, akanielekezea kidole. "Chumvi niliijua siku ya kwanza. Mai Nasoko hapa hutia kama anayetia dawa ya jicho. Wewe mkono wako hauna huruma."

"Na ukala?"

"Nilidhani ule uzazi umekuachia ugonjwa wa kutokwa damu, unanificha. Na mimi bado nakusumbua na mtoto wa tano. Niliona haya. Lete bakuli."

Kesho yake wakaenda zahanati pamoja. Nesi akasema kikohozi ni vumbi la tumbaku na damu ni ya sindano, akambadilishia njia ya kupanga uzazi. Tisaiwale akaitikia kwa adabu, ndiyo, ndiyo, asiamini hata neno moja.

Lameki amepona, mwaka wa pili huu. Damu nayo imetulia. Lakini mkebe wa chumvi Tisaiwale haugusi, hata akiwa safi. Huandaa mboga bila chumvi, Lameki akajitilia mwenyewe, na mimi nikiwapo huinamia mahindi yangu.