Bei ya Mwezi Mzima

Fundi cherehani jirani yetu hana maneno mengi. Hukata uzi kwa meno na kuendelea. Tangu aanze dawa ya kuzuia damu isigande, sindano ikimgusa tu hutoka damu isiyokatika upesi, naye hufunga kidole kwa kipande cha nguo anayoishona, hivyo ukitazama kidole unajua yuko kwenye gauni la nani. Leo kilikuwa na maua ya zambarau. Nilisimama nyuma yake kwenye duka la dawa. Muuzaji alizitazama kandambili za fundi kwanza.

"Mama, wengi huchukua vidonge vya siku tatu tatu."

"Sijakuuliza wengi. Nipigie hesabu ya mwezi, na kipimo cha damu humo humo."

Muuzaji akabonyeza kikokotoo, akamgeuzia. Fundi akakitazama kama kitambaa kisichotosha gauni, kichwa upande, akipima kwa macho. Kisha akaweka mezani pesa za nusu.

"Dawa za nusu mwezi naondoka nazo. Zilizobaki niwekee, usimuuzie mtu."

"Mwezi ni mrefu, mama."

"Labda wako. Mimi nina nguo za watu za kukabidhi mwisho wa mwezi."

Akafunga zipu ya mkoba kwa kile kidole cha maua.