Barafu ya Sigino

Mimi ni mtu wa kochi, na ningebaki kwenye kochi langu nisingeaibika. Kosa langu lilikuwa kuwaahidi watoto barafu.

Baridi ya Julai ilikuwa imetubana ndani, ndipo binti yangu Neema akasema, "Baba anajua njia moja tu, ya chumbani kwenda sebuleni." Mama yake akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikaapa kwamba Jumamosi tungepanda hadi kwenye maporomoko ya juu ya Sigino, wakaone maji yalivyoganda. Niliwahi kuona kitu kama hicho kwenye televisheni.

Tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito, magoti yakanisema njia nzima, na Neema akawa ananisubiri kila kona kama anayechunga mbuzi mgonjwa. Kufika, maji yanamwagika vizuri tu. Nikanywea. Halafu nikaona weupe umetanda juu ya miamba.

"Barafu ile!" Nikakimbia, mimi huyu, nikapanda na gambuti zangu za tope, nikarukaruka juu yake ili waone ilivyo ngumu.

Neema akasogea, akainama. "Baba, barafu huwa imetariziwa misalaba?"

Nyuma ya mwamba akainuka jirani yetu Mama Paulo, povu hadi viwikoni.

"Baba Neema, ungekuwa unakuja jumuiya, ungejua leo ni zamu yetu kufua vitambaa vya altare. Haya, teremka. Sabuni hii hapa."