Pepo Aliyetaka Tasi

Majina siyaandiki, lakini wenye makosa nitawataja, na akisomewa mwenyewe atajijua. Wa kwanza ni mama mkwe wangu. Wa pili ni mwanawe, yaani mume wangu, aliyekuwa akiuza samaki Msambweni na nyumbani harudi hata na kichwa cha kibua. Wa tatu ni mimi, kwa kunyamaza. Ila mimi nimekwisha kuadhibiwa.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu ingali mpya, watu wakitaja Uhuru hata wakipiga chafya. Nilitoka Jego nikaolewa Msambweni, nikazaa mtoto wa kike. Kwetu hatukuwa na kitu, lakini sahani haikukosa samaki na kunde. Kwa mume nikakuta sheria nyingine. Mama mkwe alisema mwanamke anayenyonyesha akila samaki, mtoto hutoka upele. Akila kunde, mtoto huvimba tumbo. Akila yai, mtoto atakuwa mwizi. Basi asubuhi nilikunywa chai ya rangi, mchana nikala sima kwa maji ya chumvi, jioni nikala sima iliyobaki mchana. Sukari sikunyimwa, hilo nashukuru. Niliilamba kama sisimizi.

Mtoto alipotimiza miezi minne, kichwa changu kikaanza kuondoka. Usingizi ulinikataa. Nililia kwa sababu kuni zimelowa, nikalia kwa sababu zimekauka. Mtoto akilia, nilimsikia kama analia nyumba ya jirani. Siku moja nilimwacha mkekani, juani, nikaenda kisimani, nikakaa huko kuitazama ndoo. Mama mkwe ndiye aliyemwokota.

Hapo akatoa hukumu yake: nina pepo. Nipungwe, na nisipopona nirudishwe Jego peke yangu, mtoto abaki. Mume wangu alikubali huku anachokoa meno. Nilikijua alichokuwa akichokoa.

Fundi wa pepo alikuwa mama mmoja mnene, akaja baada ya sala ya alasiri na wapiga ngoma wake. Nikafunikwa kaniki, nikafukizwa ubani mpaka nikakohoa. Majirani walijaa uani, walioalikwa na wasioalikwa. Ngoma ilipokolea, fundi akaniinamia.

"Wewe uliyempanda huyu, nani wewe? Wataka nini?"

Mimi sikuwa nimeulizwa nataka nini tangu niingie nyumba ile.

"Nimetoka Pemba," nikasema. Sauti ilitoka nzito, hata mimi nilishtuka. "Nataka samaki. Nataka tasi."

Mama mkwe akapiga magoti mbele yangu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Utamu wa neno lile ninao ulimini mpaka leo.

"Babu, ng'onda hakufai? Tunaye mwingi kabatini, mkavu, mzuri."

"Ng'onda mpe paka. Tasi mbichi, wa tui. Na kunde, na mchicha, na yai. Kila siku, mpaka mtoto aache ziwa. Na pilipili msizidishe, huyu niliyempanda ananyonyesha."

Mume wangu akamwuliza fundi kama siku moja ndiyo, siku moja hapana, haingetosha. Fundi akamwambia Mpemba hapatani bei.

Nikiulizwa leo kama nilidanganya, sijui. Nilikuwa na njaa, na njaa ikasema.

Sikupona siku ile, asikudanganye mtu. Nilikula tu. Baada ya siku kadhaa nikalala usiku kucha. Kisha, nikifua nguo za mtoto, nikajikuta naimba, nikanyamaza kwa aibu kama niliyeiba. Na mtoto akilia, akawa analia hapa hapa, mapajani pangu. Habari ya kurudishwa Jego ikaisha bila kuzungumzwa. Watu wakamsifu fundi. Mimi namsifu tasi. Juzi mwalimu wetu wa ngumbaru alitusomea kijitabu, kwamba chakula kikiwa duni hata roho huugua, mtu akaona dunia yote giza. Wenzangu wakastaajabu. Mimi nikachora herufi zangu.

Mama mkwe yu hai, macho yamekwisha. Mwenye kumlisha ni mimi. Mwezi uliopita nilikuwa namtolea tasi miiba, akaniambia ghafula:

"Mimi nilijua siku ile."

"Ulijua nini, mama?"

"Pepo gani anaogopa pilipili?" Akatafuna polepole, akameza. "Wangu mimi alitaka maini."

Nilidhani nitacheka. Kicheko hakikuja. Kumbe naye aliwahi kufunikwa kaniki, akapata maini yake. Njaa ile aliijua, na ufunguo wa kabati lile la chakula akaufunga kiunoni mwake miezi yote ile, mimi nikilamba sukari.

Nikautoa mwiba wa mwisho, nikampa tonge. Kushiba atashiba. Kumsamehe, bado.