Merikani ya Wanga

Mume wangu alipenda vitu vinavyong'aa. Simwonei, mimi ndiye niliyempikia na kumfulia, namjua. Wakati wa utawala wa Wadachi, wale Wajerumani, alipata kibarua cha kupakua mizigo ya meli za ziwani kule Itungi, na mshahara wake wa kwanza ukampanda kichwani. Aliniahidi nguo ya kujifunikia. Nilikuwa na miezi michache tu katika ndoa, na nguo hiyo kwangu haikuwa pambo.

Kwetu mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Wakikutana, mwanamke anaacha njia, anachutama, anajifunika gubigubi mpaka mzee apite. Uso ukionekana ni aibu ya koo mbili. Baba wa mwanamke huitwa, ng'ombe hutolewa, na wake wengine hurudishwa kwao moja kwa moja. Mama zetu walijifunika magome ya mti yaliyopondwa. Sisi tulitaka merikani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa na wafanyabiashara.

Merikani zilikuwa za namna mbili. Moja nzito, imefifia, haivutii, na bei yake juu. Nyingine nyepesi, imetiwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Nilimwambia mume wangu achukue nzito, hata kama itanibidi nisubiri mshahara wa pili. Akaitikia vizuri kabisa. Mwisho wa mwezi akarudi na ile ya wanga, na kichwani amevaa kofia ya Kidachi yenye ukingo mpana. Fedha iliyobaki ilikwenda kukilinda kichwa ambacho hakikuwa na kitu ndani.

Mama alinifundisha kuisugua nguo kati ya vidole kabla ya kuikubali. Nikaisugua mbele ya mume wangu. Unga mweupe ukaniangukia mapajani. Akacheka, akasema huo ndio upya wenyewe, na kwamba sisi wanawake wa huku hatujui vitu vya watu waliostaarabika. Mbeba magunia huyo, jamani, ndiye aliyestaarabika. Nikaipokea, na ujinga huo ni wangu.

Siku moja nilikuwa natoka sokoni Lyulilo na chungu kipya kichwani, mvua ikanikuta migombani. Baba mkwe akatokea kwenye kona, hatua chache tu mbele yangu. Nikatua chungu, nikachutama, nikavuta nguo ikanifunika mpaka magotini. Wanga ukaanza kunitiririka usoni kama uji mwepesi. Nguo ikaning'ang'ania puani na mdomoni, ikawa kama haipo. Nilimwona mzee waziwazi, kovu lake juu ya jicho, ndevu zake zenye mvi. Kama mimi namwona, basi na yeye ananiona. Nikaivuta zaidi, ikachanika. Pale chini nilikuwa tayari naiona nyumba ya baba yangu, na mama akinitazama ninavyoingia na mzigo wangu.

Mzee akanigeuzia mgongo. Alisimama hivyo kwenye mvua mpaka nilipobeba chungu changu na kupita.

Majirani wawili walikuwa wameona. Asubuhi ukoo ukaitwa uani, mimi nikakaa nyuma ya ukuta nikisikiliza. Mume wangu alisimama na kofia yake, akaeleza kwamba sikujifunika vizuri, kwamba nina haraka, kwamba huko kwetu hatukufundwa. Aliniuza mbele ya ndugu zake wote bila kupepesa macho. Nilimdharau siku ile, na sikuwahi kuacha.

Mzee akaagiza nguo iletwe. Akaitandaza mbele ya uso wake, kila mtu akamwona kupitia humo.

"Alijifunika," akamwambia mwanawe. "Aliyemvua ni wewe."

Kofia ikauzwa wiki ile ile, merikani nzito ikanunuliwa. Niliwabeba watoto wangu watatu kwa nguo hiyo, nikaifua mpaka ikawa laini, na haikutoboka hata mahali pamoja.

Miaka ikapita, mzee akafariki. Wanawe wakaja na sanda, mume wangu akiwa mbele, anaipapasa aliyoleta ili watu waone inavyometameta. Nikaisugua ncha yake kati ya vidole. Unga. Mtu amezeeka, hajajifunza kitu, na sasa alitaka kumzika baba yake ndani ya uji.

Sikubishana naye. Niliingia ndani nikaikata merikani yangu katikati, nikampelekea mama mkwe nusu. Aliishika, akaipima uzito mkononi.

"Ndaga," akasema. Asante. Akaingia nayo alikolazwa mzee.

Walipomzika mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilikuwa mbali, migombani, nimechutama kama inavyopasa, nimejifunika nusu iliyobaki. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyeuona uso wangu.